Maji ya Kijani

Bi Rejeta alikuwa mwepesi wa kinyaa tangu utotoni. Ndugu zake walimcheka kwa sababu hakuweza kunywa maziwa yaliyoota utando, na nzi akitua kwenye sahani yake ndiyo basi, chakula kimekwisha. Hakuna aliyetegemea kwamba mtu wa namna hiyo angekaa miaka ishirini na miwili chini ya malori, mkono mzima ukiwa ndani ya mitambo inayonuka. Mwenyewe alikuwa na jibu lake. Alisema mtu asiyeona kinyaa hafai kuwa fundi wa rejeta, kwa sababu ataupita uchafu kama anavyompita mtu asiyemjua.

Kazi aliirithi kwa baba yake, aliyekuwa na kibanda cha kuchomelea rejeta, yale matangi ya kupozea maji ya injini. Alipokuwa darasa la tano, baba alimpa brashi, akamwambia atoe takataka zilizokwama kwenye vile vibati vyembamba ambamo upepo hupita. Mlikuwa na panzi waliokauka, majani, nyuki, na bawa zima la ndege likiwa bado na ngozi yake. Alikimbilia nyuma ya kibanda akatapika, akarudi, akaendelea na brashi. Baba yake hakumcheka wala kumpa pole.

"Siku nyingine tapika mbali na vifaa," alimwambia.

Sasa alikuwa na miaka arobaini na sita, na kampuni iliyomwajiri ilikuwa na malori kumi na manne. Kila lori lililorudi uwanjani lilipitia kwake. Aliliacha kwanza lipoe mpaka aweze kuweka kiganja juu ya rejeta na kukiacha hapo. Kisha aliminya mipira ya maji, wa juu na wa chini, akitafuta uliolegea kama ndizi iliyoiva kupita kiasi au uliokauka ukaanza kupasuka. Aliubonyeza mkanda wa feni kwa kidole gumba. Alipitisha kitambaa chini ya pampu ya maji kuona kama inavuja. Alifungua mfuniko wa rejeta, akakagua springi na mpira wake. Mwisho alitazama maji yenyewe, ambayo hayakuwa maji matupu. Yalichanganywa nusu kwa nusu na kulanti, dawa ya kijani inayozuia maji yasichemke mapema na chuma kisishike kutu. Akiridhika, alitia sahihi kwenye karatasi ya ukaguzi. Madereva hawakuisoma karatasi. Waliangalia tu kama ile sahihi yenye mkia mrefu ipo, wakawasha gari, wakaondoka.

Kulanti ilitoka stoo, na mtunza stoo alikuwa mumewe.

Watu wote pale kazini walimwita Bwana Pasi, kwa sababu shati lake halikuwahi kuonekana na mkunjo hata saa kumi jioni. Alikuwa mtu wa sabuni za manukato na kucha safi. Kwa muda mrefu Bi Rejeta aliliona hilo kuwa bahati yake, yeye anayechukia uchafu, kupata mwanamume msafi katika uwanja uliojaa grisi. Mama mkwe, ambaye aliishi nao, alizoea kusema kwamba nyumbani kwao mambo yamegeuka: mke ndiye anayerudi na masizi usoni, mume ndiye anayeuliza mbona taulo lina doa.

Mwaka mmoja kabla ya haya ninayosimulia, Bwana Pasi alimletea mkewe zawadi ya glavu za mpira, jozi sita, nene, zinazofika kwenye kiwiko.

"Mikono yako inanuka gereji hata ukiiosha mara tatu," alisema. "Nisamehe, mke wangu, lakini ndiyo hali halisi. Ukiniwekea chakula nasikia harufu ya rejeta."

Bi Rejeta aliona aibu kidogo, kisha akafurahi. Hakuna mtu aliyewahi kumnunulia kitu cha kazi tangu baba yake afe. Akaanza kuzivaa kila siku.

Miongoni mwa madereva alikuwemo mmoja aliyeitwa Kimya, kwa kuwa hakuwahi kunyamaza. Alikuwa akiongea na injini, na tairi, na mlinzi wa geti, na akikosa mtu alijisimulia safari mwenyewe. Asubuhi moja aliondoka na shehena ya saruji. Katikati ya mlima mrefu sindano ya kipimo cha joto ikapanda hadi kwenye wekundu. Alifanya kila alichofundishwa. Aliegesha pembeni, akaweka mawe kwenye matairi, akazima injini, akangoja. Baada ya muda aliwasha umeme aangalie sindano. Ilikuwa imeshuka kabisa. Akajua gari limepoa, akachukua kitambaa, akafungua mfuniko.

Halikuwa limepoa. Maji yalikuwa yamepungua mno hata kile kifaa kinachopima joto kikabaki kinapima hewa, ndiyo maana sindano ikalala. Yaliyobaki yalimrukia yote. Yalimchoma mkono wa kushoto kuanzia vidoleni hadi begani, shingo na sikio. Watu waliokuwa wakipita ndio waliompeleka hospitali.

Kesho yake lori lilivutwa hadi gereji. Bi Rejeta hakutaka mtu mwingine aliguse. Aliingia chini, akaweka karai, akafungua kizibo cha kumwagia maji.

Hakikutoka kitu kwa muda. Alichokonoa kwa waya. Ndipo likaanza kushuka tope la rangi ya hudhurungi, zito, lenye mabonge, likikatika na kudondoka kama uji uliosahauliwa juani siku tatu. Harufu yake ilikuwa ya kutu na yai viza. Lilimrukia kwenye kidevu. Alijiburuta kutoka chini ya lori, akasimama akishikilia bampa, kinywa kimejaa mate. Alikuwa amekwisha kutoa mengi kwenye rejeta, hata chura, lakini vitu hivyo viliingia kutoka nje. Hili lilikuwa limezaliwa humo humo ndani.

Akatoa themostati, kile kivalvu kinachofunguka maji yakipata moto. Ilikuwa imegandwa na tope hilo hilo. Aliisafisha, akaitia kwenye sufuria ya gereji juu ya jiko. Maji yakatokota, themostati ikakaa kimya imefunga mdomo. Akachukua faili la lori. Maji yake yalibadilishwa miezi minane tu iliyopita, na chini ya karatasi palikuwa na ile sahihi yenye mkia mrefu.

Alikwenda kwenye lori la pili lililokuwa uwanjani. Alipofungua mfuniko alikuta ukingo wa ndani umeshika ukoko mwekundu. La tatu vile vile, na hapo, kwa haraka, springi ndogo ya mfuniko ikamponyoka na kuangukia kwenye kikombe alichochotea maji. Glavu zilikuwa nene mno kuokotea kitu kidogo. Akavua moja, akatumbukiza vidole.

Akasugua vidole.

Kulanti huteleza. Ukiisugua kati ya kidole na gumba utadhani umeshika maji ya sabuni. Hii haikuteleza. Alisugua tena, na tena. Ilikuwa maji, maji ya bomba yenye rangi ya kijani. Alipojifuta kwa kitambaa, rangi ilibaki kwenye mistari ya kiganja na kuzunguka kucha, kama mtoto aliyechezea wino.

Kwenye kabati lake la vifaa alikuwa na chupa iliyobaki nusu tangu zamani, kabla mapipa mapya hayajaletwa. Aliichukua, akaenda stoo. Bwana Pasi alikuwa ametoka kwenda kula chakula cha mchana, mlango umerudishwa tu. Mapipa matatu ya kulanti yalikuwa yamepangwa ukutani, lebo zikitazama mbele, yamefutwa vumbi. Alifungua la kwanza, akachota, akalinganisha na ya kwenye chupa. Rangi zilifanana sana. Ni vidole tu vilivyojua tofauti. La pili hivyo hivyo. Alipojipenyeza nyuma kulifikia la tatu, mguu wake uligonga kijiti kikaanguka.

Ulikuwa mwiko. Mwiko wa jikoni kwake, wenye mpini ulioungua upande mmoja siku alipousahau juu ya jiko. Uliwapotea tangu mwaka jana. Mama mkwe alikuwa ameshuku jirani, na wanawake hao wawili walikuwa hawasalimiani hadi leo kwa sababu yake. Sasa ulikuwa wa kijani kuanzia ncha hadi shingoni, umelowa, umeota ukungu mweupe upande wa nyuma.

Aliushika kwa ncha za vidole viwili. Alikumbuka shati. Mara mbili, labda tatu, aliwahi kulisugua shati la mumewe lenye doa la kijani kwenye pindo la mkono, naye akamwambia ni rangi ya mlango mpya wa stoo. Alisugua kwa limau na chumvi hadi likatoka. Alijisifu hata kwa mama mkwe jinsi lilivyotoka.

Jioni, Bwana Pasi alikuta vitu vimepangwa juu ya meza: chupa mbili na mwiko uliofungwa kwenye gazeti. Mama mkwe alikuwa uani akianua nguo. Bwana Pasi aliangalia gazeti, akaangalia kucha za mkewe, akavuta kiti. Kabla ya kuketi alikipangusa.

"Tangu lini?" Bi Rejeta aliuliza.

"Usianze kupaza sauti, mama yupo nje."

"Sijapaza. Tangu lini?"

"Mapipa yalipokuja." Alisema kama anayetaja siku ya mkutano. "Sikiliza, mke wangu. Injini haisomi lebo. Baba zetu waliendesha kwa maji ya mtoni. Nani alikufa?"

"Kimya hana ngozi mkono mzima."

"Kimya kafungua mfuniko wa moto. Huo ni ujinga wake, na hata Mzee amesema hivyo."

Mzee ndiye mwenye malori. Bi Rejeta hakujua kwamba wamekwisha kuzungumza.

"Yale yenyewe ulipeleka wapi?"

"Kuna watu wananunua. Unadhani hiyo friji imeshuka kutoka mbinguni? Unadhani dawa za mama zinatoka wapi?" Akainama mbele, sauti ikawa ya upole. "Na tusidanganyane. Mimi sijasaini karatasi yoyote. Ukaguzi ni wako. Ukinitoa mimi, unajitoa na wewe. Kwa hiyo tule, tulale, na kesho tutaagiza kulanti halisi kidogo kidogo, mambo yataisha yenyewe."

Alivuta bakuli la chakula karibu, akaanza kula. Alikula vizuri, kwa utaratibu, akifuta pembe za midomo. Bi Rejeta alimtazama akitafuna. Aliona koo lake likipanda na kushuka. Aliona vidole vile safi vikichagua kipande. Aliikumbuka siku ile ya bawa la ndege, ila safari hii hapakuwa na nyuma ya kibanda pa kukimbilia.

"Zile glavu," alisema. "Ulizinunua mwezi gani?"

Bwana Pasi alilisogeza bakuli, akalirudisha pale pale.

"Glavu ni glavu," alijibu. "Mikono yako ilikuwa inanuka."

Hakupata jibu jingine usiku ule wala baadaye, na hilo ndilo lililomkera kuliko yote. Iwapo alizinunua kwa kutaka vidole vya mkewe visijue kitu, huo ulikuwa unyama. Iwapo ilikuwa sadfa tu, basi alikuwa ameikuta sadfa hiyo ikimfaa, akaiacha. Yote mawili yalimchefua sawa. Alikwenda kulala chumbani kwa mama mkwe, akisema mgongo unamuuma na godoro la kule ni gumu.

Asubuhi alipanda ngazi hadi ofisini kwa Mzee akiwa na chupa zake, mwiko, na karatasi za ukaguzi za miezi minane. Mzee alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, asiyependa kelele kwenye shughuli zake. Alimkaribisha kiti, akamsukumia karatasi moja iliyokwisha kupigwa chapa.

"Fundi, umekuja wakati mzuri. Tia sahihi hapo nimalizane na watu wa bima."

Ilikuwa ripoti. Ilisema dereva alifungua mfuniko kwa uzembe, kinyume cha maelekezo, na kwamba mfumo wa kupoza injini ulikuwa katika hali nzuri kama ulivyothibitishwa na fundi.

"Hii si kweli, Mzee."

"Si amefungua mwenyewe?"

"Amefungua. Lakini ndani mlikuwa na tope. Hizi sahihi ni zangu, nilikosea, na nimekuja kusema nilikosea. Kulanti ya stoo ni maji ya rangi. Aliyeyatia rangi ni mume wangu."

Mzee aliugusa mwiko kwa kalamu, akaondoa kalamu.

"Haya ni mambo ya nyumbani kwenu," alisema taratibu. "Mkanye mumeo. Mimi nitanunua mapipa mengine. Wewe tia sahihi hapo, na huyo dereva tutampelekea matunda."

Bi Rejeta aliirudisha ile karatasi upande wa Mzee. Alikuwa amedhani kinyaa cha jana chini ya lori ndicho kikubwa, kisha akadhani ni kile cha mezani. Kumbe kikubwa zaidi kilikuwa bado kinakuja.

"Sisaini," alisema. "Na malori yote kumi na manne yamenyweshwa maji hayo hayo. Hata lile jipya."

"Lipi jipya?"

"Lile jeupe. Twende nikufungulie."

Mzee aliteremka ngazi haraka kuliko alivyowahi kuonekana akiteremka. Lile jeupe alikuwa akilipenda kama mtoto wa mwisho. Siku za mapumziko alikuja kulizunguka tu. Bi Rejeta aliweka karai, akafungua kizibo mbele yake. Tope lilitoka, jepesi kuliko la Kimya, lakini lilitoka, na harufu ile ile. Mzee aliziba pua kwa tai yake.

"Ndani ya lori langu," alisema. "Ndani ya lori langu jipya."

Mkono wa mtu ulioungua haukumwinua kitini. Kilichomwinua ni rejeta. Bi Rejeta aliliona hilo waziwazi, akalimeza, kwa sababu alijua hapo ndipo pa kushika. Alimwambia asubuhi ile ile, hapo hapo karibu na karai, kwamba atayasafisha malori yote bila kupumzika, ila ripoti iandikwe upya mbele yake, jina la Kimya litoke kwenye neno uzembe, na matibabu yake yawe ya kampuni hadi ngozi irudi. Mzee alikubali yote huku akiangalia tope.

Bwana Pasi alifukuzwa siku hiyo. Alitoka getini shati limenyooka, akamuaga mlinzi kwa heshima, akaenda kuishi kwa kaka yake mji mwingine. Bi Rejeta naye alipewa onyo la maandishi kwa zile sahihi, akalipokea, akasema ni haki yake.

Wiki tatu zilizofuata alikuwa ndani ya uchafu. Alifungua lori baada ya lori, akasukuma maji kwa kinyume, kutoka chini kwenda juu, mpaka yatoke meupe. Rejeta nne hazikuokoleka. Pampu mbili zilikuwa zimeliwa. Alifanya kila kitu kwa mikono mitupu. Alitapika mara mbili, mbali na vifaa. Kulanti mpya ilipoletwa, alifungua kila pipa mwenyewe, akasugua kati ya kidole na gumba, ndipo akaipokea.

Siku ya mapumziko alikwenda hospitali. Kimya alilala akitazama dari, mkono umefungwa bandeji hadi begani. Kwa mara ya kwanza hakuwa na la kusema, na Bi Rejeta, aliyezoea kumwambia apunguze maneno, hakujua aanzie wapi. Alimweleza yote, tangu tope hadi mwiko.

"Wewe ulikuwa unajua?" Kimya aliuliza.

"Sikujua. Lakini ilikuwa kazi yangu kujua, kaka yangu. Nilikuwa natazama rangi tu."

Kimya aligeuza uso, akatazama ukuta. "Mimi nilitazama sindano tu," alisema. Kisha, taratibu, akaanza kumlalamikia habari za mgonjwa wa kitanda cha pili na mkoromo wake, na hakunyamaza mpaka muuguzi alipokuja kumtoa mgeni.

Mama mkwe hakuondoka. Mwanawe alimwita, yeye akasema safari ni ndefu na miguu haina nguvu. Kwa siku nyingi alimpa Bi Rejeta salamu tu, si zaidi. Alikwenda peke yake kwa jirani kuomba radhi ya mambo ya mwiko, akakaa huko mchana kutwa. Jioni moja, wakichambua mchele kwenye ungo mmoja, alikohoa kidogo.

"Amepiga simu," alisema. "Anauliza kama anaweza kurudi."

Bi Rejeta alitoa kijiwe, akakiweka pembeni.

"Anasema amekosa," mama aliendelea. "Mimi simtetei, mwanangu. Nilimzaa, lakini simtetei. Nauliza tu. Hata akikuomba msamaha?"

"Msamaha ataupata, mama. Sina kazi nao. Tatizo ni kula naye meza moja. Nikimwona anatafuna, roho inachafuka."

Mama mkwe aliupepeta ungo, makapi yakaruka hadi mlangoni.

"Basi nitamwambia mgongo wako bado unauma," alisema, akamsogezea fungu jingine la mchele.